Wivu wa Fundi wa Petroli

Siku ya kuniaga pale karakana ya halmashauri, Ngara, ubishi ulizuka mezani kabla pilau haijaisha. Je, magari ya umeme yatakuja kuyafuta haya ya petroli na dizeli, au ni mbwembwe za mjini tu? Kila mmoja alikuwa na lake. Dereva wa gari la chanjo akasema milima yetu itayashinda. Mtunza stoo akasema Kigali pikipiki za umeme zimeshazoeleka, na Kigali nako ni milima mitupu. Mimi, mwenye sherehe, nilikuwa nimekaa kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe na riboni, nasubiri kuulizwa. Hakuna aliyeniuliza. Mwishowe mmoja wenu, simtaji, akasema, "Mambo ya umeme tumpigie Fundi Salumu wa Biharamulo, ndiye anayejua." Mkampigia, mkaiweka simu katikati ya sahani, na sauti yake ikala muda uliotengwa kwa hotuba yangu.

Ndiyo maana naandika. Mliniomba niweke kumbukumbu za kazi ili wanaoanza wapate pa kujifunzia. Nitaweka, lakini mjue tangu sasa kwamba naandika nikiwa na wivu, na wivu wenyewe haujaisha. Kupandishwa vyeo sitaeleza, maana hakuna cha kueleza, na mshahara mnaujua. Nitaeleza nilivyojifunza injini, Salumu alivyojifunza waya, na yaliyotupata kwenye mlima wa Kirushya baada ya kustaafu, pale kikundi cha wakulima kiliponipa guta lao la umeme nilihukumu, bila kujua walikuwa wamempa hakimu wa namna gani.

Tulianza kujifunza ufundi siku moja, mimi na Salumu, kwenye gereji iliyokuwa nyuma ya soko la Biharamulo. Mimi nilitoka Nyantakara, kwa wazazi wanaolima mihogo na mahindi, nikiwa nimevaa shati la shule lililobanduliwa nembo. Yeye alitoka mtaa wa pili tu. Babu yake alikuja na biashara ya vitambaa kutoka pwani, wakabaki, na kwao Kiswahili kilizungumzwa mpaka jikoni. Changu kilikuwa cha darasani, nyumbani tulisema Kisubi. Salumu aliwapokea wateja kwa maneno laini wakacheka, mimi bado natafuta neno la kuanzia. Nilianza kumwonea wivu asubuhi ile ile, hata jina la baba yake silijui.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Baritonda, Mhangaza wa Murukulazo, mtu mfupi mwenye mabega mapana, asiyependa maswali. Tulipompa shikamoo aliitikia marahaba huku akitazama viatu vyetu. Kwake mwanafunzi hakushika spana mwanzoni. Alikutuma ukate kijiti cha mkahawa uliokauka, ukichonge pande zote mbili, na hicho ndicho kilikuwa kifaa chako cha kwanza. Ncha moja unaiweka kwenye injini inayonguruma, ya pili kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kisha unafumba macho. Mafundi wengine walitumia bisibisi ndefu, lakini Mzee alidai chuma nacho kina kelele zake. Sijui kama ni kweli. Hakuna aliyethubutu kumbishia.

"Usishike. Sikiriza," alikuwa akisema. "Injini ikiumia inasema yenyewe. Kazi yako ni kunyamaza."

Akituacha tumefumba macho, aliuliza, "Unasikia nini?" Ukikosea hakukugombeza, aliondoka tu akaenda kunywa uji, ukabaki umeinama juu ya injini mpaka mgongo ukuume. Siku za kwanza nilisikia ngurumo moja kubwa isiyo na mlango. Halafu polepole ikaanza kugawanyika. Huku juu valvu zinagonga kwa haraka, huku mbele pampu ya maji inalialia, kule chini kabisa mkono wa pistoni unapiga kwa uzito. Siku nilipomwambia Mzee kwamba silinda ya mwisho inagonga tofauti na nyingine, alifungua, akatazama, akafunga. Alinipa spana.

Salumu hakusikia. Alijaribu kwa kweli, alikuwa akifumba macho mpaka machozi yanamtoka, na kila akiulizwa alijibu, "Nasikia injini, Mzee." Mwisho Mzee Baritonda akachoka.

"Wewe nenda kwenye waya," alimwambia. "Waya hazisemi."

Ninyi wa leo hamwezi kujua maana ya neno lile. Fundi waya wa wakati huo alikaa pembeni na kipande chake cha risasi ya kuchomelea, akitengeneza honi na taa za kuonyeshea. Aliitwa wakati kazi ya wanaume imeshaisha. Nilimwona Salumu akibeba kijisanduku chake kwenda pembeni, moyo wangu ukacheza ngoma. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho nyumba ya wafanyabiashara haikuwa nacho.

Miaka mingi iliyofuata ilikuwa yangu. Niliajiriwa Ngara, nikapewa karakana yenye paa linalovuja na wateja wasio na subira. Hapa petroli ilikuja ikiwa imepita mikono mingi, mingine si safi, tukaiuza na kuinunua kwenye chupa kando ya barabara. Kabureta ziliziba kila wakati. Nilizizibua kwa mdomo, navuta, natema, na kuna mwaka mke wangu alikataa kula nami sahani moja. Nilijifunza kuijua petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa kwa ladha. Huo ni ujuzi ambao hauna cheti, na tumbo langu ndilo linaloutunza.

Kazi ninayoikumbuka kuliko zote ni ya gari la wagonjwa lililotoka Murukulazo kwenda hospitali ya Biharamulo na mama aliyekuwa na uchungu wa kuzaa uliokwama. Lilipita kwangu kuongeza maji kwenye rejeta, na kabla dereva hajazima nikasikia injini imenoki. Chini kule mkono wa pistoni ulikuwa umelegea unapiga. Nilimwambia halifiki Biharamulo. Akaniuliza kama nina jingine. Sikuwa nalo. Basi nikapanda, nikakaa mbele na kijiti changu kimegusa dashibodi, tukaenda. Nilikuwa nikimwambia, "Punguza. Punguza tena. Sasa mpe kidogo. Usimpe mlimani, mwache apande kwa gia ndogo." Kila pigo lilipozidi uzito niliuinua mguu wa dereva kwa mkono wangu. Yule mama nyuma alikuwa akilia kwa Kihangaza, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikimwomba anyamaze ili niisikie injini. Tulifika. Injini ilijifunga pale pale getini pa hospitali na haikuwaka tena mpaka ilipobadilishwa. Mtoto alizaliwa mzima, wa kiume, wakampa jina la dereva.

Salumu wakati huo alibaki Biharamulo na waya zake. Nilipokuwa na gari lenye shida ya stata au alteneta nilisema, "Mwiteni yule wa waya," na jina lake sikulitaja ingawa nililijua vizuri. Alikuja, alitengeneza, alikunywa chai, aliondoka. Hakuwahi kulalamika. Hata hilo lilinikera.

Kisha yakaja magari yenye kompyuta. Landikruza mpya ya halmashauri ilikataa kuwaka asubuhi moja, na taa ya njano imewaka kwenye dashibodi. Nilisikiliza kila mahali. Stata ilizungusha injini vizuri, pampu ilifanya kazi, hakuna kilichoumia. Nilifungua nilivyoweza kufungua, nikafunga, nikafungua tena. Mkurugenzi alikuwa na safari. Wakampigia Salumu. Alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, limechomekwa, akatoa kikasha kidogo, akakiunga chini ya usukani, akasoma, akabadilisha sensa moja isiyozidi kidole gumba. Gari likawaka. Chai aliyotengewa ilikuwa bado ina moto. Alipotaka kunywa hakuomba maji ya kunawa, kwa sababu hakuwa amechafuka. Nilizitazama kucha zake, nikaficha zangu mfukoni.

Kuanzia hapo, kila gari jipya lilikuwa lake nusu. Baadaye likawa lake robo tatu. Mimi nilibakiwa na malori ya zamani na pikipiki za vijijini, na wateja walionisifu kwa sauti ile wanayotumia watu kumsifu bibi kwa kupika. Nilijiambia injini ni injini, bila moto ndani yake kompyuta ni redio tu. Nilikuwa na hakika kwamba moto utabaki.

Halafu Salumu akavuka mpaka wa Rusumo kwenda Rwanda kutazama pikipiki za umeme, akarudi akiwa kijana. Alifungua kibanda cha kutengeneza vyombo vya umeme na akaanza kuongea kama mtu aliyeokoka. Nilimpitia siku moja nikiwa Biharamulo, nikakuta baraza lake limejaa watu wanakunywa kahawa na kubishana. Akanikaribisha kwa furaha, "Gaspari ndugu yangu, kaa hapa," akanipa kikombe, kisha akanigeuza mfano.

"Huyu ndiye bingwa wa petroli mkoa mzima," aliwaambia. "Muulizeni injini ina vitu vingapi vinavyosuguana. Pistoni, ringi, valvu, mnyororo wa taimingi, vyote vinakula oili. La umeme halina hata kimoja. Hakuna oili, hakuna plagi, hakuna grisi, hakuna kelele. Unawasha, unaondoka."

"Na umeme ukikatika?" nikamuuliza. "Ngara yetu umeme ulikuwa unatoka kwenye jenereta la dizeli. Gari lako la umeme lingekuwa linakunywa dizeli kwa mrija."

Watu wakacheka upande wangu, nikafurahi.

"Lingekunywa zamani," akasema. "Sasa hivi maji ya Rusumo ndiyo yanayofanya kazi hiyo. Petroli yenu inatoka bandarini, inapita nchi nzima mpaka hapa. Umeme unatoka hapo mtoni. Kipi kiko karibu?"

"Betri ikifa?"

"Injini hazifi?"

"Mlima?"

"Mlima ndio mzuri. Likipanda linakula, likishuka linajichaji. La kwako likishuka linapata nini?"

La kwangu likishuka lilikuwa linachoma breki. Nilimaliza kahawa nikaaga, na njiani kurudi nilikuwa nikitunga majibu mazuri sana ambayo hakuna mtu aliyeyasikia.

Sasa nifike Kirushya. Kuna kikundi cha wakulima wa ndizi na maharage kule, mwenyekiti wao ni Mama Adventina, mjane mwenye sauti ya chini ambayo watu huinama kuisikia. Mashamba yao yako bondeni na barabara ya kuuzia iko juu, na mikungu yote hupandishwa kichwani, wengi wanaopandisha ni wanawake. Kikundi kilikuwa kimepata guta la umeme kwa majaribio, yaani lile la magurudumu matatu lenye bodi ya mizigo, kutoka kwa muuzaji aliyeletwa na Salumu. Lilikuwa limeanza kuwasumbua mlimani. Nusu ya wanakikundi walitaka lirudishwe wachukue la petroli, nusu walitaka libaki. Ilikuwa imeshafika mahali watu hawasalimiani kisimani.

Mama Adventina alikuja kwangu na wenzake wawili, wakanikuta nimekaa nje nasafisha spana ambazo sikuwa na kazi nazo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mama. Karibuni."

"Tumekuja kukuomba utuamulie," akasema. "Salumu tunampenda, lakini yeye ndiye aliyelileta. Wewe umestaafu, huuzi kitu, huna upande. Utakalosema, tumekubaliana wote, ndilo tutakalofuata."

Nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Asiye na upande. Mke wangu, aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni, alinitazama akaingia ndani.

Siku ya majaribio walipakia mikungu bondeni mpaka bodi ikajaa. Salumu alishika usukani, shati lake limepigwa pasi kama kawaida. Mimi nikakaa nyuma juu ya ndizi nikiwa na sanduku langu la zana, na wanakikundi wakatufuata kwa miguu. Salumu akageuza ufunguo. Sikusikia kitu. Guta likaondoka kama linavutwa na mtu asiyeonekana, na mimi nikabaki na mdomo wazi, maana mwili wangu ulikuwa umejiandaa kwa mtikisiko ambao haukuja. Nilisikia viatu vya watu kwenye changarawe. Nilisikia majani ya mikungu yakisuguana. Mwanamke mmoja nyuma alikuwa akimweleza mwenzake habari za binti yake anayesoma Bukoba, nikasikia neno kwa neno. Nilijisikia vibaya. Sisi tulitafuta sauti ndani ya kelele kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi, na hawa wamepewa ukimya bure.

Na ndani ya ukimya huo nikasikia mlio. Ulitoka nyuma upande wa kulia, chini, mkavu, kama mtu anasaga ulezi nyumba ya pili. Sikuhitaji kijiti wala kufumba macho. Beringi ya gurudumu ilikuwa inazunguka bila grisi. Nilijua pale pale kitakachotokea. Kwenye tambarare litavumilia, lakini mlima ukianza gurudumu litabana, mota italazimika kuvuta zaidi, itachemka, na kile kidubwasha chake cha kujilinda kitakata nguvu. Nilijua, nikanyamaza. Nilikuwa na furaha iliyonijaa mpaka kooni.

Mlima ulipoanza kukaza, guta likapunguza mwendo, likasimama. Salumu akashuka, akafungua kifuniko, akasoma kijiskrini chake.

"Linasema joto," akasema. "Lipumzike kidogo."

Likapumzika, likaondoka, likasimama tena mbele kidogo. Watu wakasukuma. Likasimama mara nyingine. Wale wa upande wa petroli wakaanza kunong'ona kwa sauti ya kusikika, "Si tulisema." Mzee mmoja akasema kitu cha umeme ni cha kuchajia simu, siyo cha kubebea ndizi. Salumu alivua saa yake, akalala chini ya guta, akapima waya mmoja baada ya mwingine, akatoka ana udongo mwekundu mpaka kwenye nyusi. Sikuwahi kumwona mchafu tangu tuachane na Mzee Baritonda.

Mama Adventina akanisogelea pale nilipokaa juu ya mikungu.

"Fundi," akasema, "mnunuzi yuko juu anasubiri. Ndizi zikiiva hapa njiani hachukui. Hawa wanawake unaowaona shingo zao zimechoka, mimi yangu haigeuki tena upande huu. Ukisema lirudi, litarudi leo. Ukisema libaki, litabaki. Lakini sema, usituache hivi."

Kabla sijajibu Salumu akainuka. Alijifuta mikono kwenye shati lake, lile la pasi, akasema mbele ya watu wote, "Gaspari, kwenye waya sioni kosa. Labda ni mlima. Labda ulisema kweli."

Maneno hayo niliyasubiri karibu umri wangu wote wa kazi. Nilikuwa nimeyafikiria njiani, kitandani, kanisani wakati wa mahubiri. Na sasa yalipokuja yalikuwa hayana ladha, kwa sababu hayakuwa kweli, na mtu pekee aliyejua kwamba si kweli nilikuwa mimi. Sitawadanganya kwamba nilisema kwa wema. Shingo ya Mama Adventina ilinigusa, ndiyo, lakini kilichonifungua mdomo ni kitu kingine. Nilikuwa nimesikia kitu ambacho Salumu hakukisikia, na nikinyamaza hakuna binadamu atakayejua kwamba nilikisikia. Hilo sikuweza kulivumilia.

"Si mlima," nikasema. "Nenda gurudumu la nyuma la kulia. Gusa katikati."

Akagusa, akautoa mkono haraka akaupuliza.

Tukaling'oa gurudumu pale pale. Beringi ilikuwa kavu kabisa, imejaa vumbi jekundu, imeanza kuwa na rangi ya bluu kwa joto. Nikawauliza mara ya mwisho ilipakwa grisi lini. Wakatazamana. Mweka hazina wao, mtu makini sana, akajibu kwa heshima kwamba haijapakwa kitu tangu ifike. Walikuwa wameambiwa kwamba la umeme halitaki oili wala grisi, basi kikundi kilikaa kikao, kikapitisha mtu yeyote asiliguse na mafuta ya aina yoyote lisije likaharibika. Kopo la grisi la pikipiki zao walilifungia stoo, na kijana mmoja aliyekutwa akipaka mnyororo wa baiskeli yake karibu na guta alikuwa amepigwa faini ya mkungu.

Wote wakamgeukia Salumu. Yeye akatazama ardhi.

"Nilimaanisha injini," akasema polepole. "Gurudumu ni gurudumu."

Nikaomba petroli. Wakavuta kidogo kwenye tangi la bodaboda aliyesimama kutazama, nikaiosha beringi nayo mpaka chuma kikaonekana. Niliifanya kazi hiyo taratibu kuliko ilivyohitajika, ili kila mtu aone guta la umeme linaoshwa kwa petroli. Kisha nikapaka grisi kutoka kwenye sanduku langu, nikairudisha, nikawaambia ni ya kufikia barabarani tu, mpya inunuliwe haraka na kila gurudumu lifunguliwe.

Guta likapanda. Likapita pale liliposimama, likapita kona mbaya, likapita watu waliokuwa wamejiandaa kusukuma. Lilifika juu bila kutoa jasho, na watu wakapiga vigelegele. "Umeme umeweza," wakasema. Yule mzee wa kuchajia simu akasema alijua tangu mwanzo. Wakamshika mkono Salumu mmoja mmoja, maana ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Tulipewa zawadi ya mkungu kila mmoja. Wake ulikuwa mkubwa.

Mama Adventina akaniuliza neno langu. Nililisema haraka kabla sijabadili mawazo. "Bakini nalo," nikasema, "na pakeni grisi." Akaniinamia kidogo, akaenda kusimamia upakuaji. Wanawake wawili waliokuwa hawasalimiani walishika mkungu mmoja huku na huku, wakausogeza kwa mnunuzi.

Salumu alikuja tukakaa kwenye jiwe. Akanawa kwa maji ya chupa, lakini weusi wa kwenye kucha ulikataa.

"Ulisikia lini?" akaniuliza.

"Tangu bondeni."

"Mbona ulichelewa kusema?"

"Nilikuwa na furaha."

Alicheka mpaka akakohoa. "Ningefanya hivyo hivyo," akasema. Halafu akaongeza, "Siku ile Mzee aliponipeleka kwenye waya nilienda uani kwetu nikalia. Mama alidhani nimefiwa na rafiki. Mpaka leo nikikuona umeinama kwenye gari napata uchungu hapa." Akagusa kifua. Nilitaka aendelee, nilitaka aseme yote kwa kirefu, lakini akaitwa.

Basi, mlioweka simu katikati ya sahani, jibu langu ni hili. Yatakuja, na haya ya petroli yataondoka. Halitakuwa jambo la mwaka mmoja, malori ya mizigo yatabaki nyuma, na vijijini mtaziona chupa za petroli kando ya barabara miaka mingi bado. Lakini yataondoka, nami nimelihukumu hilo kwa kinywa changu. Jifunzeni waya. Jifunzeni pia kusikiliza, kwa sababu breki, shokapu na beringi zitakuwepo, na safari hii hakuna injini itakayowazibia masikio. Mimi sikio la kushoto limeshakufa kwa ngurumo za Bedford na Land Rover. Ninyi mtaanza na masikio mawili mazima na gari lililonyamaza. Nawaonea wivu, na siwaombi radhi.

Walipomaliza kupakua, wakapanda kwenye guta kurudi bondeni kuchukua mzigo wa pili. Wanawake walijaa bodini wakiwa wameshikana mabega, Mama Adventina mbele, Salumu kwenye usukani. Nafasi yangu haikuwepo. Walinipungia mikono, wakashuka. La petroli lingenizibia kila kitu kwa mngurumo wake, lakini lile nililisikia mbali sana, kona baada ya kona, vicheko vyao na magurudumu yakizunguka kwenye changarawe. Nilisimama juu pale na mkungu wangu mdogo, nimegeuza sikio zima, natafuta kosa. Sikulipata.